Bakteria wa Tumboni na Tiba ya Saratani: Mama Anapaswa Kujua Nini?

Popote ulipo, iwe ni Kapedo karibu na maporomoko ya maji moto, Lokori, Lodwar mjini au kambini Kakuma, vuta kigoda uketi.

Leo tunazungumzia viumbe ambao hujawahi kuwaona kwa macho, lakini wanakula kila unachokula. Ni bakteria wa tumboni. Tutaona jinsi wanavyoifundisha kinga ya mwili kazi yake, na kwa nini madaktari wanaotibu saratani wameanza kuwatilia maanani.

Najua kuna atakayesema, "Saratani? Huku kwetu shida ni njaa, malaria na barabara." Ni kweli, shida hizo zipo. Lakini saratani nayo ipo, ya watu wazima na ya watoto, na mgonjwa anayetoka Kapedo husafiri mbali kuliko wengi kwenda kuitibu. Mambo mengine ni afadhali kuyajua kabla ya safari.

BAKTERIA SI MAADUI WOTE

Shuleni tulifundishwa kwamba bakteria ni vijidudu vya magonjwa. Somo hilo lilikuwa nusu tu. Wapo wanaoleta kipindupindu, homa ya matumbo na kifua kikuu, na hao hatuwataki. Lakini wengi wanaoishi ndani yetu hawana ubaya, na baadhi yao tunawahitaji. Mwaka wa 2016 wanasayansi walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima una bakteria trilioni 38 hivi, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wenyewe. Karibu wote wamo katika utumbo mpana. Ukiwakusanya uwaweke kwenye mizani, hawafiki hata robo kilo.

Wafikirie kama mifugo wako. Malisho yakijaa mbuzi wa nyumbani, mbuzi wa mgeni hapati jani la kula na ataondoka. Vivyo hivyo, utumbo uliojaa bakteria wazuri hauachi nafasi kwa vijidudu vya kuharisha. Na kama vile mbuzi anavyogeuza majani makavu kuwa maziwa, bakteria hawa huchukua nyuzinyuzi za mboga, nafaka na matunda, ambazo tumbo lako haliwezi kuzisaga, wakazigeuza kuwa aina ya asidi inayolisha ukuta wa utumbo. Ukuta ukishiba, unakaza. Ukikaa na njaa, unaanza kuvuja.

Sasa, nyuma ya ukuta huo ndiko askari wengi wa mwili wamepiga kambi. Na si ajabu. Mdomo ndio mlango mkubwa wa mwili, na kila siku hupita maji, uji, vumbi, na kidole cha mtoto kilichotoka kuchezea mchanga. Askari wa hapo wana kazi ngumu: wamshambulie adui, lakini wasishambulie chakula wala bakteria wa nyumbani. Nani anawafundisha? Bakteria wenyewe. Wanasayansi wamewahi kufuga panya katika maabara safi kabisa, wasiguswe na bakteria hata mmoja tangu kuzaliwa. Panya hao walikua na kinga dhaifu: askari wao walikuwa wachache na hawakujua kazi.

TITI NDILO MALISHO YA KWANZA

Mtoto hupata bakteria wake wa kwanza anapozaliwa, kutoka kwa mama. Kisha hunyonya. Katika maziwa ya mama mna aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza zimewekwa humo za nini. Jibu ni kwamba si chakula cha mtoto. Ni chakula cha bakteria wake. Mwili wako, mama, hata ukiwa na njaa, unatengeneza chakula cha hao wadogo.

Kwa hiyo yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, dang'a, usiyakamue ukayamwaga. Yamejaa askari wa kinga walio tayari kwa kazi. Na maji ya sukari, siagi au maziwa ya mbuzi kabla ya miezi sita huleta wageni kabla wenyeji hawajakaa. Mpe titi peke yake mpaka miezi sita, halafu endelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi.

DAKTARI WA KAMPALA

Tuje kwenye saratani. Mwaka wa 1946 daktari mmoja kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda, akafanya kazi Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, meno yakilegea, jicho likisukumwa nje. Mwaka wa 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo, na mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki kumi, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanaufahamu. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Na kitu kilichowashangaza watu wakati huo ni kwamba ilitibika kwa dawa. Mojawapo ya dawa hizo iliitwa saiklofosfamaidi, na hadi leo inatumika kwa watoto wenye ugonjwa huo.

Burkitt huyo huyo alikuwa na mazoea ya kuangalia vitu ambavyo wengine waliona aibu kuviangalia. Aliona kwamba watu wa vijijini Afrika walipata choo kikubwa na laini, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwao, ilhali Uingereza ilikuwa ya kawaida. Miaka ya 1970 alizunguka nchi nyingi akihubiri nyuzinyuzi. Watu walimcheka kidogo. Lakini mwaka wa 2015 watafiti walichapisha jaribio lililompa haki: walichukua Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini wa kijijini 20, wakabadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani waliokula maharagwe, mahindi na mboga, utumbo wao ulionyesha dalili njema. Waafrika waliokula nyama na mafuta mengi, wao walionyesha dalili za hatari. Kilichobadilika katikati ni bakteria na kazi yao.

Hata ile dawa ya saiklofosfamaidi ina habari yake. Mwaka wa 2013 watafiti wa Ufaransa waliwapa panya wenye saratani dawa hiyo. Panya ambao bakteria wao wa tumboni walikuwa wameuawa kwa antibiotiki hawakunufaika na dawa kama wenzao. Ni panya, si watu, tusisahau. Lakini ilikuwa dalili kwamba baadhi ya dawa za saratani hufanya kazi kwa msaada wa kinga ya mwili, na kinga nayo hufanya kazi kwa msaada wa bakteria.

CHAPA YA NYUMBANI

Kuna tiba ya saratani ya miaka ya karibuni ambayo haiui seli za saratani yenyewe. Inawaamsha askari wa mwili waziue. Wagunduzi wa njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018.

Ielewe hivi. Mlinzi wa kraali anakagua mifugo kwa chapa na kwa sikio lililokatwa. Akiona alama ya nyumbani, anaacha ipite. Seli ya saratani ni mwizi aliyejiwekea chapa ya nyumbani, na mlinzi akimgusa, anaona alama, anarudisha mkuki. Dawa hii huifunika ile chapa ya uongo ili mlinzi afanye kazi yake.

Kwa wagonjwa wengine ilifanya maajabu. Kwa wengine haikufanya kitu. Kwa nini? Mwaka wa 2018 makundi matatu ya watafiti, ya Ufaransa na Marekani, yalitoa majibu yaliyofanana: wagonjwa waliofaidika walikuwa na bakteria wa tumboni tofauti na wale ambao hawakufaidika. Wale wa Ufaransa waliona pia kwamba waliotumia antibiotiki karibu na wakati wa kuanza tiba waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka wa 2021 watafiti wa Israeli na Marekani walichukua wagonjwa wa saratani ya ngozi waliokuwa wamekataliwa na dawa hiyo, wakawapandikizia bakteria kutoka katika kinyesi, naam, kinyesi kilichopimwa maabara, cha watu ambao dawa iliwafaa. Huko Israeli watatu kati ya kumi walianza kupata nafuu. Huko Marekani, sita kati ya kumi na tano. Usicheke, na usijaribu nyumbani. Kinyesi kisichopimwa hubeba magonjwa.

Nisikudanganye: tiba hii ni ghali mno, na wagonjwa wengi wa Kenya hutibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa za kawaida. Nimekueleza kwa sababu inatuonyesha jambo moja linalotuhusu hata hapa Kapedo, nalo ni antibiotiki za dukani.

VIDONGE VYA DUKANI

Mtoto akiharisha mara tatu, mama anakwenda dukani na shilingi kidogo, anauziwa vidonge vinne vya Amoxil au Flagyl bila karatasi. Mafua, vidonge. Homa, vidonge. Unajua ni kweli.

Antibiotiki ni moto wa nyikani. Unachoma kichaka cha nyoka, lakini nyasi za mbuzi nazo zinaungua. Nyasi huota tena, ingawa si zote na si upesi. Na kuharisha kwa mtoto mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviwezi kabisa. Anachohitaji ni maji ya ORS, zinki, titi na chakula. Choo kikiwa na damu, au mtoto akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, hapo usingoje, nenda zahanati.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu hukosea. Sisemi ukatae antibiotiki. Nimonia huua watoto, na antibiotiki huwaokoa. Muuguzi akimpima mtoto na kumwandikia dawa, mpe yote mpaka imalizike kama alivyoagiza. Ninachokataa ni ile ya kubahatisha.

Na wale wanaopita sokoni na kipaza sauti wakiuza dawa ya "kusafisha tumbo," waache wapite. Tumbo si sufuria.

NGAKIBUK, LAKINI UCHEMSHE KWANZA

Mtu ataniuliza: wazee wetu walikula maziwa, damu na nyama, hizo nyuzinyuzi walizitoa wapi? Swali zuri. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2025 ulieleza kwamba kwa wafugaji wa jadi wa Turkana, kati ya asilimia 70 na 80 ya chakula ilitoka kwa mifugo. Lakini waliobaki nyumbani hawakukosa matunda ya porini: engol, esekon, maganda ya ewoi, na edapal iliyochemshwa kwa saa nyingi na kubadilishwa maji. Jirani zetu Wahadza wa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, walichunguzwa na matokeo yakatolewa mwaka wa 2014. Walikutwa na aina nyingi zaidi za bakteria kuliko Waitalia waliolinganishwa nao. Tunapohamia mjini tukala unga mweupe, sukari na mafuta ya kupikia pekee, aina hizo hupungua. Kwa hiyo ukipata maharagwe, ndengu, kunde au mtama, weka sufuriani. Na mtoto akirudi na engol mkononi, muoshee, usimnyang'anye.

Halafu kuna maziwa ya mgando, ngakibuk. Ni chakula chema. Bakteria wanaoyagandisha huwafukuza vijidudu vingi vya kuharibu maziwa, na mtu ambaye tumbo lake hufura kwa maziwa mabichi mara nyingi huyavumilia yaliyoganda. Shida ni moja. Maziwa yakigandishwa bila kuchemshwa, ugonjwa wa bruselosi unaweza kubaki humo, na kifua kikuu cha ng'ombe pia. Mgando peke yake si dhamana. Najua nyanya atasema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha na mifugo itakauka. Mheshimu nyanya, lakini mweleze.

Fanya hivi. Chemsha maziwa mpaka yafure. Yafunike, yapoe mpaka yawe vuguvugu, kiasi cha kuvumilika kwa kidole. Tia vijiko viwili vya mala ya pakiti au ya jana iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Mimina katika kibuyu kilichosafishwa na kufukizwa vizuri, uache usiku kucha mahali penye joto, na Kapedo joto halijawahi kukosekana. Utapata mgando uleule, bila bruselosi.

Na kwa kuwa tumetaja joto: maji ya chemchemi zetu ni ya moto, lakini hayajachemka. Moto wake hautoshi kuyafanya salama. Kuna bakteria wanaoishi raha mustarehe katika maji ya moto. Maji ya kunywa yachemshwe jikoni au yatiwe dawa.

MTOTO AKIWA KWENYE DAWA ZA SARATANI

Hapa kila kitu kinabadilika, na ninaomba uyashike haya hata kama umesahau yote ya juu.

Dawa za saratani huua seli zinazokua haraka. Zinaua za saratani, lakini pia zinapunguza askari wa damu na kuchubua ukuta wa utumbo. Ule ukuta ambao mwanzoni tulisema umekaza, sasa una nyufa, na nyuma yake hakuna mlinzi. Katika siku hizo hata bakteria mwema anaweza kuingia kwenye damu na kuwa adui. Kwa hiyo usimpe mtoto huyo maziwa mabichi, wala mgando wa maziwa mabichi, wala nyama isiyoiva, wala damu. Usimnunulie pia zile unga na vidonge vya bakteria wazuri vinavyouzwa kwenye famasi. Utafiti wa wagonjwa wa saratani ya ngozi huko Texas, uliotolewa mwaka wa 2021, uliona kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walikwenda vizuri zaidi, lakini wale walionunua vidonge vya bakteria hawakuonekana kufaidika. Kuhusu mala ya maziwa yaliyochemshwa, uliza wodini kwanza. Jibu hutegemea hesabu ya damu ya wiki hiyo.

Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata kama anacheza, hiyo ni dharura. Usimpe panadol ukasubiri asubuhi. Usiogope pia kwamba antibiotiki zitaharibu bakteria wake. Siku hiyo antibiotiki ndizo zitakazomwokoa, na zinatakiwa haraka. Mpeleke kituo kilicho karibu, useme mara moja mlangoni, "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani."

Pengine unauliza utajuaje kwamba mtoto ana saratani. Angalia uvimbe wa taya, shingo au tumbo unaokua. Doa jeupe kwenye mboni ya jicho, hasa linaloonekana kwenye picha. Kupauka na kutokwa na damu au michubuko bila kuanguka. Homa na kukonda visivyoisha. Uvimbe wa tumbo Turkana unaweza pia kuwa ule uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa, ambao AMREF ilianza kupambana nao huku tangu mwaka wa 1983. Usikisie, na usiuache uchomwe chale. Apimwe.

Kutoka zahanati, mgonjwa hutumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar, au moja kwa moja Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako ipo pia hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka wa 2015. Kabla ya kuondoka, hakikisha jina la mtoto limeandikishwa katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Chukua kadi ya kliniki na barua ya rufaa. Na chukua dawa zote alizomeza mtoto miezi miwili iliyopita, za hospitali, za dukani na za mitishamba. Dawa ikiwa imeisha, beba pakiti tupu, daktari ataisoma jina.